Ukienda Ufukweni na Kamera: ya Kufanya na ya Kutofanya

Picha nyingi mbovu za pwani yetu hazikuharibiwa na simu ya bei nafuu. Ziliharibika kabla mpigaji hajatoka nyumbani, kwa sababu hakujua maji yatajaa saa ngapi, jua litakuwa upande gani, wala yule mtu atakayeingia kwenye picha yuko pale kwa kazi gani. Matokeo tunayaona kila Jumatatu kwenye simu zetu: bahari imekimbia, mchanga umekuwa kijivu, uso mweusi tii usio na macho wala tabasamu, na nyuma yake mama wa watu ameinama kazini, hakuulizwa. Masharti haya yanahusu zaidi Unguja, Dar es Salaam na pwani ya Kenya. Yafuate yote; mengi hayahitaji fedha.

Jua maji kwanza.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvu: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na bahari haiendi mbali. Wavuvi wanaishi kwa hesabu hii, na mpiga picha wa pwani naye lazima aishi nayo.

Ukifika Jambiani au Paje, mashariki mwa Unguja, saa nne asubuhi siku ya bamvu, umefika maji yamekupwa kabisa. Utakuta mchanga, majani ya bahari na ngalawa zilizokaa kavu, na maji yenyewe yako kule mwambani mawimbi yanakovunjikia. Rudi saa tisa na nusu alasiri siku hiyohiyo. Maji yamepanda mpaka karibu na minazi, na jua limehamia magharibi, mgongoni mwako, linamulika bahari iliyo mbele yako. Rangi ya feruzi ambayo watu huitafuta kwa filta za simu hupatikana yenyewe saa hiyo. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa mnamo saa kumi jioni, hivyo picha ileile utaikosa ukienda kwa saa zilezile.

Jedwali la maji lipo kwenye programu za bure za simu. Lisome siku moja kabla. Kisha ukifika muulize mvuvi, maana yeye atakwambia na upepo, na upepo wa kusi unaorusha mchanga kwenye lenzi haumo kwenye jedwali lolote.

Usingojee machweo ya baharini mahali ambapo jua halizami baharini.

Coco Beach, Bamburi, Diani, Malindi na Jambiani zote zinatazama mashariki. Jua huko hutoka baharini na kuzama nchi kavu, nyuma ya nyumba na hoteli. Kila jioni utawakuta watu wamejipanga wakiielekea bahari, wakisubiri jambo ambalo halijapata kutokea mahali hapo. Anayetaka jua lizame majini aende upande wa magharibi wa Unguja: Forodhani, Mangapwani, Kendwa, Nungwi. Mwenye ufukwe wa mashariki akubali kuamka. Dar es Salaam jua huchomoza takriban kati ya saa 12:00 na saa 12:40 asubuhi kwa mwaka mzima, nawe uwe umeshasimama pale nusu saa kabla, kwa sababu rangi za mawingu hutangulia jua.

Wala usichelewe ukidhani jioni itakungoja. Karibu na ikweta jua huteremka karibu wima, na giza huingia ndani ya dakika 20 au zaidi kidogo. Lakini likishazama usifunge begi hapohapo. Baada ya dakika kumi mbingu mara nyingi huwa nzuri kuliko lilipokuwa linazama.

Usimweke mtu juani saa sita mchana.

Mwanzoni mwa Machi na wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri Unguja husimama utosini kabisa, na miezi mingine haliko mbali sana. Macho ya mtu hugeuka mashimo mawili, pua inatupa kivuli mdomoni, paji la uso linang'aa kwa jasho. Mwondoe juani. Mwingize chini ya banda la makuti, umsogeze hadi ukingoni mwa kivuli, kisha umgeuze uso autazame mchanga ulio nje. Mchanga mweupe unarudisha mwanga kutoka chini na kumwingia machoni, na utaona nukta mbili za nuru kwenye mboni zake. Mwanga huo ni laini, hauna gharama, na ni bora kuliko fleshi ya simu yako. Pakiwa hapana banda, tumia kivuli cha mashua iliyopandishwa, cha mwavuli, hata cha kofia pana ya ukindu.

Saa sita ina kazi yake, lakini si ya sura za watu. Jua la juu ndilo linalopenya maji na kuonyesha matumbawe na mstari wa kina, hasa ukiwa umesimama juu ya gati au kwenye chombo. Kama una filta ya kukata mng'ao, saa hiyo ndiyo ya kuifunga.

Ongeza mwanga. Usikubali uso uwe sizi.

Hapa ndipo dhambi kubwa inapotendeka, na ni dhambi ya kutojali tu, kwa sababu dawa yake ni rahisi.

Kamera haijui inachokitazama. Mtambo wake wa kupima mwanga umetengenezwa kudhani kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni ya kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye mchanga wa Nungwi, inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Mchanga unatoka kama saruji. Sasa msimamishe mbele ya mchanga huohuo binti mwenye ngozi nyeusi, bahari inayong'aa nyuma yake. Kamera inapunguza mwanga kwa ajili ya mchanga na bahari, na binti anatoka kama kivuli kilichovaa gauni. Kisha watu wanasema hatoki vizuri kwenye picha. Uongo. Aliyeshindwa ni mpigaji.

Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo, shikilia kidole mpaka mpangilio ujifunge, halafu vuta alama ya jua juu mpaka uone mifupa ya mashavu na nyusi. Kwenye kamera, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja, au moja na nusu. Mbingu ikipotea na kuwa nyeupe, ipotee. Mbingu zipo kila siku. Yule binti amekuja na gauni lake la Iddi mara moja.

Wanaodhani jambo hili ni dogo wajue lina historia. Kwa miongo mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi sahihi. Ngozi nyeusi ilitoka bila undani, na malalamiko ya familia hayakubadilisha kitu. Kampuni ilianza kushughulikia rangi za kahawia kwa bidii pale watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao walipolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Mwaka 2021 Google ilitangaza simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo uliotengenezwa makusudi ili ngozi nyeusi zipigwe sawasawa. Imechukua muda wote huo. Mpiga picha wa Kiafrika anayeiacha mashine imwamulie uso wa mama yake ameshindwa kutumia alichopewa.

Kwa hiyo pia: usimpake mtu weupe. Zima kile kipambo cha simu kinacholainisha ngozi na kuing'arisha. Simu nyingi huja kimewashwa tayari, na mtu hajui kwa nini sura yake kwenye picha si yake.

Shuka chini, kisha nyoosha upeo.

Watu wote hupiga picha wakiwa wamesimama, kwa kimo cha macho yao, ndiyo maana picha zote zinafanana. Chuchumaa. Alama za maji kwenye mchanga, nyayo za kaa, kamba ya nanga iliyojinyoosha, vyote vinaonekana ukishuka. Na mstari pale bahari inapokutana na mbingu uwe sawa kabisa. Bahari haimwagiki upande mmoja. Washa mistari ya msaada kwenye kioo cha simu, na hakikisha upeo haumpiti mtu shingoni.

Usikate tanga.

Ngalawa ina mlingoti, ina foromali ndefu iliyobeba tanga, na ina matengo mawili yaliyotoka ubavuni kuizuia isipinduke. Ukikata ncha ya foromali au tengo moja, umekata chombo. Ngoja tanga lijae upepo; tanga linalopigapiga halina umbo. Acha nafasi kubwa mbele ya omo kuliko nyuma ya shetri, ili chombo kiwe na mahali pa kwenda. Vyombo vingi vya wavuvi hutoka alfajiri na upepo wa nchi kavu na kurudi na upepo wa bahari, kwa hiyo ukiuliza tu kijijini utajua usimame wapi na saa ngapi. Usivute kwa zumu ya simu kutoka mbali, kwani simu nyingi zikipita uwezo wa lenzi zake hukuza tu picha iliyokwisha kupungua ubora. Tembea ukisogelee chombo, au kubali kiwe kidogo kwenye bahari kubwa. Kikiwa kidogo mara nyingi kinapendeza zaidi.

Omba ruhusa, na uombe kwa adabu ya mahali.

Sharti hili lina mfano mmoja ambao unatosha, nao ni wa akina mama wa mwani.

Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, na vijiji vya Paje na Jambiani vimo miongoni mwa vya mwanzo. Wakulima wengi ni wanawake. Mashamba yao ni safu za vigingi zilizounganishwa kwa kamba, na kwenye kila kamba wamefunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa vikamba vidogo. Hukua kwa wiki sita hivi, huvunwa, huanikwa, huuzwa kwa kilo vikiwa vikavu, kwa bei ndogo. Mashamba hayo hufikika vizuri wakati wa bamvu tu, maji yakiwa yamekupwa. Maana yake ni kwamba mama unayemwona ameinama saa nne asubuhi, kanga ameifunga kiunoni, maji yako magotini, ana saa chache tu kabla bahari haijarudi. Ukimsimamisha robo saa umemlia robo saa ya bamvu.

Siku hizo hizo, saa hizo hizo, ndipo watu wanapomjia na lenzi ndefu kama bunduki. Wanampiga mgongo akiwa ameinama, nguo zimemroa na kumshika mwilini, katika mavazi ambayo asingekubali kuonekana nayo na watu asiowajua. Picha inakwenda kwenye mitandao, pengine kwenye matangazo ya hoteli, na yeye hana habari. Acheni hilo.

Kamera iwe imeteremshwa. Karibia kwa upande anaoweza kukuona. Salamu kwanza: Shikamoo, mama, au Assalaam alaykum. Uliza hali ya kazi, na usubiri jibu. Kisha: Naomba rukhsa nikupige picha ukiwa kazini, nitakuonyesha, usipoipenda naifuta. Akisema hapana, mshukuru uondoke, wala usirudi kumpiga kutoka nyuma ya mashua. Akisema ngoja nijifunge vizuri, ngoja. Muda huo wa kungoja ndio utakaokupa picha, kwa sababu sasa anaonekana anavyotaka kuonekana.

Wapiga picha wetu wa zamani walilijua hilo. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930, na N. V. Parekh aliyepiga picha Mombasa kuanzia miaka ya 1940, walifanya kazi na watu waliokuja kwa hiari yao, wamevaa walichokichagua, wakakaa walivyotaka kukaa. Tazama sura katika picha za studio ya Parekh: hakuna aliyeshtukizwa. Ufukweni hakuna mlango wa studio, hivyo wewe ndiye mlango.

Baada ya picha, nunua kitu. Sabuni ya mwani, madafu, samaki. Hiyo ni bora kuliko noti unayomkunjia mtu mkononi kama malipo ya sura yake.

Usipige watoto bila mzazi, na usiwaweke mtandaoni.

Watoto wa pwani wanacheka, wanakimbia, wanakupigia pozi wenyewe. Kucheka kwa mtoto si idhini. Mtafute mkubwa wake. Mtoto anayeoga uchi hapigwi kabisa, hata akiwa mwanao, kama picha hiyo itatoka nje ya simu yako. Usigawe pipi wala sarafu ili wajipange, kwa sababu unawafundisha kumkimbilia kila mgeni mwenye kamera.

Asiyesikia adabu asikie sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Vijana wanaochupa majini Forodhani ni habari nyingine kidogo, maana wakubwa wao wanajionyesha makusudi na wanashindana. Zungumza nao hata hivyo. Ukishakubaliana, panga kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde, au washa hali ya kupiga mfululizo kwenye simu. Kaa chini ya ukuta, uwe chini yao, ili miili yao iende juu ya mstari wa bahari na kuingia kwenye mbingu ya magharibi. Mwache mmoja awe kivuli kitupu hapo. Kwa hili, weusi ndio unaotafutwa. Piga anapofika juu kabisa, pale mwili unapotulia kabla haujaanguka. Usimwombe arudie ili upate picha yako, hasa maji yakiwa yanapwa. Huyo kijana ana shingo moja.

Usitoe kiti cha pweza majini.

Kwenye maji mafupi na kwenye vifungu vya mchanga watu wanawaokota viti vya pweza, wanawaweka kichwani, tumboni, mkononi, wanapiga selfi, wanawarudisha wakidhani hawakudhuru kitu. Viumbe hao hupumua kwa maji. Wapige walipo, maji yakiwa matulivu na jua likiwa juu, rangi yao nyekundu inapendeza zaidi chini ya maji kuliko kwenye kiganja. Usikanyage matumbawe ili kupata pembe nzuri. Kasa akipanda kutaga au vifaranga wake wakitoka usiku, fleshi na tochi ni marufuku, kwa sababu vifaranga hufuata mwanga kwenda baharini, na mwanga wako unawageuza kuelekea nchi kavu, ambako wanakufa.

Linda chombo chako.

Haya kwa kifupi. Simu inayosemwa haiingii maji imepimwa kwa maji baridi, chumvi haikuahidiwa. Ukirudi, ifute kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi kidogo, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi kwenye upepo. Usifute kioo cha lenzi kwa shati lenye mchanga, utakichora na hakitapona. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo itajaa ukungu. Na kabla ya kila picha, kila picha, futa lenzi ya simu: mafuta ya kidole na unyevu wa chumvi ndiyo yanayofanya taa na jua vitoke na ndevu.

Usipige bandari, vivuko wala kambi za ulinzi, hata kama mashua iliyo mbele yake inavutia. Kivuko cha Likoni, Mombasa, si mahali pa kujaribu. Droni nayo inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, Kenya na Tanzania pia, na hata ukiwa na kibali haipiti juu ya watu wanaooga wala juu ya ua wa nyumba za kijiji.

Mpelekee mtu picha yake.

Ulimwahidi, timiza. Chukua namba, mtumie kwa WhatsApp siku hiyohiyo kabla hujasahau. Kama hana simu ya kupokelea picha, isafishe kwenye karatasi, umpe mtu anayekwenda kijijini kwao. Picha moja iliyofika mkononi mwa mwenyewe itakufungulia ufukwe mzima mwaka ujao.

Na akikuona akabadili mawazo, akasema futa, usianze kubishana kwamba imetoka vizuri. Futa mbele yake, aone. Kisha fungua folda ya picha zilizofutwa uifute na huko, kwa sababu simu nyingi huzihifadhi siku 30 au zaidi kabla hazijaondoka zenyewe. Kama simu yako hutuma picha yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, ifute na kule.